Ubao Ulioteleza

Mara ya tatu ubao ulipomponyoka Wakhungu, nusura msumeno wa umeme umkate kidole gumba. Alizima mashine, akasimama akihema.

"Kuna mtu anapaka hizi mbao kitu," alijisemea.

Na nani kama si Keziah? Kwa miaka sita walikuwa wamekodi kibanda kimoja cha useremala hapa Kitengela bila ugomvi. Lakini mwezi huo shule moja ya Kajiado ilimwagiza kila mmoja atengeneze dawati la mfano. Ambaye dawati lake lingependeza angepewa kazi yote. Na Keziah hakuwahi kuponyokwa na ubao hata siku moja.

Wakhungu akaanza kumchunguza. Alinusa mbao zake mwenyewe. Alizikwaruza kwa kucha akitafuta nta ya mshumaa. Keziah akicheka kwenye simu, Wakhungu alidhani anachekwa yeye. Ijumaa akamkuta ameinamia rundo la mbao za Wakhungu, kitambaa mkononi.

"Leo nimekupata!" akafoka. "Unapaka nini hapo?"

Keziah aliinuka polepole. "Baba Nafula, napanguza vumbi. Imejaa kila mahali."

"Leta hicho kitambaa."

Akakinyakua, akakinusa. Maji matupu. Kisha, viganja vikiwa na unyevu, akashika ubao wa juu. Ukatulia mkononi.

"Hebu nione mikono yako," Keziah akasema. Viganja vilikuwa vyeupe kama chaki, ngozi imepasuka, alama za vidole karibu zifutike. "Kila jioni unatoa vanishi mikononi na petroli. Halafu hii upepo ya kiangazi. Mikono imekauka, haiwezi shika kitu. Mimi huosha na sabuni, napaka mafuta ya kukamulia ng'ombe nikienda kulala. Mchana niko na kitambaa iko na maji kidogo."

Wakhungu alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, Keziah."

"Si ungeniuliza tu?"

Aliacha petroli, akanunua mafuta. Baada ya wiki mbili vidole vyake vilianza kushika tena. Dawati la Keziah ndilo lililochaguliwa, na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, alimwita Wakhungu waifanye pamoja. Wakhungu alishukuru sana.

Lakini siku hizi Keziah akienda kula, huacha alama ya penseli kwenye kila ubao wake. Akirudi, huzikagua moja moja, kuona kama kuna ubao ulioguswa.