Gauni la Wifi

Roboti lilipoletwa nyumbani, mama mkwe alilitazama toka juu mpaka chini, akajivuta ukutani na shuka lake.

"Dume hilo, tena liko uchi," alisema. "Halinigusi."

"Mama, ni mashine tu," mume wangu alijibu akiwa mlangoni. Mlangoni ndiko anakoishia. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Wa kumwogesha ni mimi, na mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa kumwinua. Tangu apigwe na kiharusi nimemlisha, nimemgeuza, nimemfulia, nikingoja anite mwanangu japo mara moja. Mimi ni "wewe". Nikichelewa, "wewe, umekufa?"

"Mwanangu" ni wifi yangu, bintiye aliyeko ng'ambo, anayepiga simu akikumbuka.

Basi nikatoa kabatini gauni aliloliacha wifi, la maua ya zambarau, nikalivisha roboti. Mabega yaligoma, ikabidi nifumue mshono.

"Bado wanja," mume wangu akacheka.

Mama hakucheka. Siku hizi macho yake yanashika rangi kuliko sura. Alinyoosha mkono, akapapasa pindo. "Mwanangu! Umekuja?"

Akaogeshwa bila ubishi, akamaliza bakuli zima. Jirani aliyekuja kumjulia hali aliniminya mkono: "Shoga, nusura niliamkie!"

Mgongo ukapata nafuu. Roho ndiyo iliyoniuma. Lile bati limeingia juzi, tayari ni mtoto wa nyumba.

Asubuhi moja gauni lilikuwa limekaukia kambani, roboti likichajiwa sebuleni. Nikalivaa mwenyewe. Nikabeba beseni, nikaingia kimya, nikaanza na miguu yake.

"Mwanangu," alisema.

Neno zima, likinielekea mimi. Machozi yakadondokea majini. Nikaendelea kusugua kisigino.

"Afadhali umerudi. Mke wa kaka yako hana utu. Kachoka nami, akataka niogeshwe na bati. Na mikono yake! Utadhani anasugua sufuria. Usiniache naye tena, mwanangu."

Nikakamua kitambaa polepole. Nikijitetea, ataitambua sauti yangu, na neno lile litakwenda zake.

Nikainama sikioni kwake, nikanong'ona:

"Ndivyo alivyo yule, mama. Hana utu."