Mwalimu Zenon na Orodha ya Dar es Salaam

Mwaka 1976 majalada ya watumishi wa mkoa yalipakiwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam. Serikali ilikuwa imeikodi kampuni ya kigeni iingize taarifa za wizara zote kwenye kompyuta yake. Anyosisye, karani kutoka Mbeya aliyeyatunza majalada hayo tangu mkoa uanzishwe, alibaki Sumbawanga na rafu tupu na orodha ya kompyuta iliyoletwa kila miezi mitatu.

Februari iliyofuata alikuja Dominika wa kijiji cha Mollo na barua ya daktari. Mumewe, Mwalimu Zenon, alikuwa na uvimbe tumboni, na ilibidi akapasuliwe Mbeya upesi. Aliomba waranti, hati ya serikali ya kulipia safari.

Anyosisye akafungua orodha. Mbele ya jina la Zenon paliandikwa: amefariki.

Alikimbia kwa mkuu wake, Kasimiri. "Ndugu, huyu yu hai. Jumapili nilikuwa naye kanisani."

"Hata mimi namjua. Lakini nikisaini waranti ya marehemu, nitajibu nini?"

Wakapeleka simu ya maandishi wizarani. Wizara ikajibu kwamba marekebisho ni kazi ya kampuni. Kampuni nayo ikataka fomu ipitie wizarani, ndipo kosa lisahihishwe katika orodha ijayo.

Kila Jumatatu Dominika alirudi kwa miguu. Mara ya tatu alikaa chini sakafuni.

"Basi nimlete mwenyewe mumwone?"

"Macho yetu hayatoshi, mama," Anyosisye alisema, akaona aibu kwa maneno yake mwenyewe.

Jioni hiyo alikwenda kwa Zubery, mwenye lori la kwenda Tunduma, njia ya Mbeya, akatoa pesa zake mfukoni. Zubery akazirudisha. "Mgonjwa simtozi."

Wakamlaza Zenon juu ya magunia ya mahindi. Ilikuwa Machi, mvua haikatiki. Baada ya kupita kijiji cha Laela lori lilizama kwenye tope, likakwama siku mbili, na huko huko Zenon akakata roho, kichwa chake mapajani mwa mkewe.

Baada ya maziko Dominika alimfuata Anyosisye.

"Nitajie aliyeandika kwamba mume wangu amekufa. Nataka jina tu."

Anyosisye aliirudia njia ya majalada kichwani. Wizara ilituma, kampuni ilipokea, mtu fulani alibonyeza vitufe.

"Simjui, mama. Hata wakubwa hawamjui."

Dominika akawarudia waombolezaji wenzake. Tangu siku hiyo hakuitikia tena salamu ya Anyosisye.