Paa Lililotoka Laela

Haya yote ni kweli, neno kwa neno, na asiyeamini aje Kaengesa aniulize mwenyewe. Kama nimeongeza hata chumvi kidogo, mahindi yangu yaote mizizi juu.

Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi: mimi, wajukuu zangu, na Adela, mke wa mwanangu, ambaye ni mwalimu. Halfani, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, alikaa juu ya gunia akisubiri tumalize apakie. Na mimi, kama kawaida, nilikuwa naongea.

"Baba," Adela akanikatiza, "hadithi zako tamu, lakini zinafundisha nini?"

"Ugali wa ulezi unafundisha nini? Unashibisha, basi."

"Unafundisha kwamba kuna mtu alilima."

Mkwe aliyesoma, huyo! Nikamwekea sharti. Nitasimulia hadithi isiyo na maana yoyote ndani yake, na itakuwa nzuri; Halfani awe hakimu. Nikishinda, asinidai funzo tena. Nikishindwa, nisimame nitoe funzo mbele ya wote, na hadithi zangu zote baada ya hapo nizifunge hivyo hivyo. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nina hofu. Kwangu mimi, kubandika funzo mwishoni ni kama kumwamsha mtu ili umwambie kwamba alikuwa amelala.

Nikaanza.

"Mwaka mmoja upepo wa kiangazi uling'oa paa zima kule Laela, bati na mbao zake, na fundi juu yake bado anapigilia misumari. Likaja angani, likatua juu ya nyumba yangu, ambayo wakati huo ilikuwa ya nyasi. Fundi hakuinua hata kichwa. Akapiga msumari wa mwisho, akasema, 'Mwenye nyumba, chai iko wapi?'"

Watoto wakaangua kicheko.

"Bibi yenu Monika akamletea ya tangawizi. Kabla hajaimaliza, upepo ukageuka. Ukachukua paa, ukachukua fundi na kikombe changu, mbuzi wawili, banda la kuku, na mimi ukanitupa hadi kwenye ulezi wa jirani. Niliporudi nachechemea, Bibi yenu alikuwa pale pale uani, birika mkononi, hata khanga haijapeperuka. Akaniuliza, 'Na wewe utakunywa?' Basi, imekwisha."

Adela akafikiri. "Funzo ni kwamba tufunge paa vizuri."

"Mbona fundi alilifunga vizuri ajabu!" watoto wakapiga kelele.

"Tuwakarimu wageni, basi."

"Mgeni mwenyewe kaondoka na kikombe!" nikamjibu. Adela akacheka mpaka akafuta machozi. Nikaona nimeshinda.

Halfani akakohoa. "Mzee Valerian, swali moja tu. Upepo umebeba bati, umebeba mbuzi, mpaka wewe na kitambi chako. Mama Monika je? Mbona haukumgusa?"

"Alikuwa mzito."

Hakuna aliyecheka. Monika tulimzika mwaka juzi, na siku zake za mwisho nilikuwa namtoa nje kuota jua nikimbeba kwa mkono mmoja.

Nikatafuta uongo mwingine. Mimi, ambaye sijawahi kupungukiwa na uongo! Nikawa napukuchua gunzi lisilo na punje hata moja.

"Sikutaka upepo umchukue," nikasema.

"Hiyo ndiyo maana yake, Baba." Adela alisema taratibu, bila kushangilia.

"Sikuiweka mimi."

"Kaiweka nani?"

"Nitajuaje? Nilitaka mcheke tu."

Na mpaka leo nashikilia hapo hapo. Hadithi ilikuwa nzuri kabla Halfani hajauliza. Watoto walikuwa wameshacheka, na hawakuwa wakitafuta kitu. Lakini tangu siku ile nimejaribu kuisimulia bila Monika pale uani, na kila mara inanifia mdomoni. Paa linatua, fundi anaomba chai, na hakuna wa kuileta.

"Hakimu?" Adela akauliza.

"Umeliwa, mzee wangu," Halfani akasema. "Simama ulipe."

Nikasimama, magoti yakalia. Nikavua kofia, nikawatazama wajukuu.

"Funzo la hadithi hii," nikasema, "ni kwamba mtu akikuuliza kama utakunywa chai, kaa chini unywe."