Mkono Uliofanyiwa Mazoezi

Watu hudhani mimi ni mkandaji. Waje na mafuta yao, niwasugue, waondoke wamepona. Ningekuwa na subira ningewaelewesha, lakini subira sikujaliwa. Kazi yangu ni kumfundisha mtu upya kuutumia mwili uliomgomea, na anayetoka jasho zaidi ni yeye mwenyewe, nyumbani, kila siku.

Fundi cherehani aliletwa na mkewe wiki moja baada ya kutoka wodini. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Nitashika mkasi tena?"

"Ukifanya mazoezi, matumaini yapo. Ukilala tu, mkono utakauka kama kuni."

Nikamwonyesha mkewe: nyoosha vidole kimoja kimoja, kunja kiwiko, inua bega, asubuhi na jioni. Nikampa karatasi ya kuweka alama. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Mrudi baada ya wiki mbili," nikasema, nikaita mwingine.

Walirudi baada ya miezi mitatu.

"Tuliona tunakwenda vizuri, dada," mkewe alisema.

Vizuri gani! Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, ngumi imejifunga, kucha zimezama kiganjani. Nilipojaribu kuufungua, fundi alipiga yowe. Nikawaka.

"Mama, nilikwambia nini? Miezi mitatu umekaa tu unamtazama?"

Alitoa karatasi. Alama asubuhi, alama jioni, hakuna siku iliyorukwa. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa mumewe, ule mzima, akanyoosha vidole kimoja kimoja, taratibu, bila kukosea.

"Si ndivyo ulivyonionyesha? Tulijua mzima ndio unaoamsha mwenzake."

Ndivyo nilivyomwonyesha. Siku ile nilitumia mkono mzima ili mgonjwa asiumie, nikasahau kumwambia mkewe ahamie ule mgonjwa. Haraka yangu hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Niliwaambia wazi kwamba kosa ni langu. Nikawaambia tutaanza leo, maumivu yatapungua, na pengine kiganja kitafunguka kiasi cha kuoshwa.

"Na mkasi?" fundi aliuliza.

"Hapana, baba."

Aligeukia ukutani. Mkewe hakunilaani, na ingekuwa afadhali angenilaani. Aliupakata ule mkono uliokauka, akaniinulia macho.

"Haya, dada. Nianze na kidole kipi?"