Kijiko cha Kwanza

Mara ya kwanza Fundi alipozimia, kijiko kilikuwa mkononi mwa mkewe. Mara ya pili pia. Baada ya hapo dada yake Fundi alilinyanyua bakuli la supu, akalinusa, akalifunika.

Mke huyo, Mama Pacha, alijibanza kando ya kitanda. Wodi ya wagonjwa mahututi haina siri. Vitanda vinne, mashine nne, na kila mwenye masikio alimsikia wifi mtu akimweleza muuguzi kwamba ndugu yake aliletwa na maradhi ya moyo akiwa anaongea vizuri, na kinachomwangusha kinatoka jikoni. Lisemwalo lipo, wakanong'ona jamaa za wagonjwa wengine.

Miaka yote ya ndoa Mama Pacha alimpikia mwanamume yule, na hata chumvi ikizidi mume alisifu, mwongo mkubwa. Sasa aliambiwa asimguse. Alirudi nyumbani, akainywa supu yote iliyobaki, akakaa kwenye kigoda kungoja kama naye ataanguka. Hakuanguka, lakini moyo haukutulia.

Kesho yake daktari, mama mfupi asiye na maneno mengi, aliagiza maji matupu. Alitaka kuutazama moyo kwenye mashine wakati mgonjwa anameza, wauguzi wakiwa tayari. Wifi mtu akaiwahi glasi.

"Nitamnywesha mimi," alisema. "Mimi ndiye damu yake."

Fundi akatania kwamba hajawahi kugombaniwa hivi. Akameza. Mstari uliokuwa ukirukaruka kwenye mashine ukalala, macho yakamgeuka, kichwa kikamwangukia dadake begani, maji yaliyobaki yakammwagikia kifuani. Muuguzi akamchoma sindano. Mstari ukainuka, naye Fundi akauliza ni nani kamlowesha.

Daktari akawaeleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaoliunganisha koo na moyo. Kwa Fundi, kila anapomeza, mshipa huo unauambia moyo usimame. Supu au maji, yote sawa. Angewekewa kifaa kidogo chini ya ngozi, cha kuushtua moyo ukisita.

Wifi mtu alibaki na glasi tupu, mikono ikimtetemeka. Mama Pacha alikuwa na maneno yake, ameyapanga usiku kucha, na makali. Lakini mtetemeko ule aliujua.

"Si wewe, wifi," alisema. "Hata mimi nilidhani ni mimi."

Siku kifaa kilipokwisha kuwekwa, na daktari amemruhusu Fundi kula, Mama Pacha alileta bakuli akaliweka mezani, asithubutu kulifunua. Wifi mtu akalifunua. Mbele ya wodi nzima alichota kijiko cha kwanza, akala mwenyewe, akachota cha pili, akakikabidhi kwa mwenye supu.

Mama Pacha alimlisha mumewe, macho kwenye mashine. Fundi akameza. Mstari ukaendelea kurukaruka.

"Chumvi imezidi," Fundi akasema, na mkewe akaangua kilio cha furaha.