Dawa Iliyolala

"Jana ulipaka kwa dawa ipi?" msimamizi akauliza, na safari hii hakugomba. Hapo ndipo mama mmoja, mgeni katika chumba cha kupaka dawa kiwandani, alipojua kuna jambo.

"Si ulisema iliyolala?"

"Iliyolala, ndiyo! Iliyotulizwa mpaka mapovu yaishe! Siyo kiporo cha juzi!"

Mungu wangu! Nyumbani kilicholala ni kiporo. Yeye mgeni wa kazi angejuaje? Dawa yenyewe ni polima mbili zilizochanganywa, hupakwa kwenye vioo vya plastiki vya kukinga uso ili cheche zisivikwaruze. Ikipitisha usiku huchacha, na badala ya kuilinda plastiki huila. Kioo kinang'aa, kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na vioo vya jana vilishapelekwa karakana ya vyuma, mtaa wa pili, anakofanya kazi mumewe. Asubuhi alikuwa akijigamba: "Leo napata kioo kipya, nitapendeza kuliko bwana harusi." Jiwe la mashine ya kukatia vyuma likimeguka, hakuna kingine kati yake na macho ya mtu yule.

Akapiga simu. Ikaita wee, kimya. Nani atasikia simu kwenye makelele yale? Akatoka mbio na aproni yake, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Alimkuta ameinama, cheche zinamrukia usoni. Akaita, hakusikia. Kumgusa aliogopa, mtu akishtuka na mashine mkononi ni balaa jingine. Akaiona swichi kubwa ukutani, akaishusha.

Mashine zote zikazimika. "Nani huyo mwehu?" "Shemeji, umekuja kufumania?" Mafundi wakacheka mbavu hawana. Mumewe akavua kioo, uso umemshuka kwa aibu.

"Mama watoto, ndiyo nini kunidhalilisha mbele ya watu?"

Alikipokea kile kioo, akakibonyeza kwa kidole gumba, taratibu tu, kama anayepima parachichi. Kikalia kra! Kidole kikatokea upande wa pili.

Mume akajishika jicho moja, halafu la pili. Akakaa sakafuni.

Hakuna aliyecheka tena. Karakana nzima wakaanza kuvua vioo vyao, polepole, kama watu walioambiwa wana nge kichwani.