Magurudumu ya Tadaichi

Jumatatu vinyozi wa mji wa Shizuoka, Japani, hawafungui, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku ambayo Hosoya, kinyozi, alipata nafasi ya kuunda ndege. Alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni ya Kinue, akavikata vipande vya plastiki, akavipiga msasa, akavigandisha kimoja kimoja kwa kibano. Ilikuwa Zero, mfano mdogo wa ndege ya kivita aliyorusha Tadaichi, kaka yake Kinue, mwaka wa mwisho wa vita. Kamati ya mtaa ilitaka kuiweka katika ukumbi wa kumbukumbu. Kinue aliomba iundwe kwake, mbele ya picha ya marehemu.

Ndege kama hizo humwachia fundi achague: magurudumu yawe chini, kama iko uwanjani, au yafungiwe tumboni, kama iko angani. Kamati ilichagua angani. Hosoya aliifunga milango ya tumboni kwa gundi, akaibana kwa vibanio, akanywa chai yake, akaenda.

Asubuhi, Kinue alipoleta wali wa kuweka kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha, vibanio vilikuwa sakafuni na magurudumu yalikuwa chini. Akampigia Hosoya simu.

"Gundi yako hiyo, fundi, haishiki hata stempu."

"Usinitukane, dada. Gundi hiyo imeshika meno ya mama mkwe wangu tangu mwaka jana."

Alikuja baada ya kufunga duka lake la kunyolea, akaigandisha upya. Kesho yake magurudumu yalikuwa chini tena, na juu ya gazeti palikuwa na michirizi miwili myeusi ya matairi, mirefu kama kidole. Hosoya aligusa pua ya ndege.

"Bado ya moto," alisema.

"Amerudi," alisema Kinue. "Kama siku ile."

Hosoya alihamia mtaa huo baada ya vita, hakuwa akijua kwamba Tadaichi aliwahi kurudi. Kinue alimsimulia huku akimenya chungwa.

Tadaichi aliamriwa kuibamiza ndege yake kwenye meli ya adui, afe nayo. Habari kwamba ameruka zilifika mtaani, na mzee Makita, mkuu wa mtaa, alimletea mama yao pombe ya mchele na pongezi, maana nyumba iliyotoa mtoto namna ile haikupewa pole. Picha ikawekwa madhabahuni, ubani ukawashwa. Kumbe injini ilivuja mafuta, Tadaichi akageuza, akatua. Wakati inatengenezwa alipewa ruhusa fupi, akaja kwa treni. Aliikuta picha yake mwenyewe inafukizwa. Chakula kingine hakikuwepo, kwa hiyo mama alimpa wali uliokuwa mbele ya picha. Mzee Makita aliingia Tadaichi akiwa bado anatafuna.

"Alimwambia nini?" aliuliza Hosoya.

"Alimwambia, 'Tumeshakupongeza, kijana. Usimwaibishe mama yako.' Kaka akaosha bakuli, akaondoka. Safari ya pili injini haikuvuja."

Mwenyekiti wa kamati sasa alikuwa mtoto wa mzee Makita, mwenye duka la majani ya chai. Alikuja Jumapili jioni kuchukua ndege, Hosoya akiwepo. Kinue alimwomba jambo moja tu: iwekwe chini, kwa magurudumu yake, na bango liseme kwamba alirudi.

"Dada Kinue, watakuja watoto wa shule. Niwaambie shujaa wetu alirudi kula wali?"

"Waambie. Tena ulikuwa wa baridi."

"Baba yangu alilia sana siku ile Tadaichi alipokufa."

"Siku ya kwanza au ya pili?"

Makita aliinua ndege, akaisukuma milango kwa kidole gumba mpaka ikafunga. Ikafunguka taratibu, magurudumu yakashuka kiganjani mwake. Aliinamisha kichwa kidogo mbele yake, kama anavyomwinamia jirani njiani, kisha akamwomba Hosoya kisu.

"Mimi nakata nywele, mwenyekiti."

Makita akakichukua mwenyewe mezani. Plastiki ililia mara moja, magurudumu yakaanguka. Milango aliifunga kwa gundi nyingi, akaikausha kwa pumzi yake, akaibeba ndege kifuani kwa mikono miwili.

Ukumbini waliipachika juu ya nguzo nyembamba ndani ya kabati la kioo. Bango lilisema: *Alikwenda akitabasamu, wala hakutazama nyuma.* Tangu wiki ya kwanza, kila mwanga ulipoanza kupungua madirishani, ndege iliachana na nguzo, ikazunguka ndani ya kabati ikishuka, ikatua kwa tumbo. Mapanga ya pangaboi la puani yalipinda kuelekea nyuma, kama yanavyopinda ya ndege yoyote inayotua bila magurudumu. Bi Umehara, mtunza ukumbi, alikuwa na kitambaa maalumu cha kufutia mafuta yaliyovuja.

Kundi la kwanza la watoto wa shule lilikuja siku ya mvua. Mwalimu alikuwa anasoma bango kwa sauti ndege ilipoanza kushuka.

"Mwalimu," alisema binti mmoja, "mbona anatua?"

"Usishike kioo."

Watoto wakanakili maneno ya bango, wakainama pamoja, wakatoka kwa mstari. Kinue, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alibaki. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Umerudi, kaka," alisema, kama anavyopokewa mtu yeyote anapovua viatu mlangoni.

Bi Umehara alisubiri amalize. Kisha akafungua kabati, akanyoosha mapanga kwa vidole, akamrudisha angani.